Picha ya Vifungo vya Koti

Miaka minne si haba. Ndani ya miaka minne mtoto aliyezaliwa huanza shule, na mwanamke aliyeachwa, kama ana akili zake timamu, husahau. Kimya alikuwa na akili zake timamu. Ndiyo maana alijichukia sana asubuhi ile, mlango wa studio uliposukumwa, akainua macho kutoka kwenye kikatio cha picha, na moyo wake ukaruka kama kuku aliyeona mchele.

Aliyeingia ni yeye.

Watu walikuwa wakimwita Kiguu na Njia hata kabla hajavuka mpaka wowote, kwa sababu tangu ujana wake hakutulia mahali pamoja. Mgongoni alibeba begi lililopanda kupita kichwa chake, lenye kamba za kuning'inia na kikombe cha bati kilichogongagonga kila alipopiga hatua. Mkononi, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, alivaa vikamba vya rangi rangi, kimoja kwa kila kisiwa alichofika, ili wasiouliza nao waulize. Shingoni alijizungushia skafu, ingawa jua la nje lilikuwa la kukausha shuka kwa robo saa.

"Kimya wangu," akasema, akafungua mikono.

Kimya hakuinuka. Jina hilo alipewa siku aliyozaliwa, maana hakulia mpaka mkunga akamfinya mara mbili, na hata ukubwani alibaki kuwa mtu wa kumeza maneno. Alishusha wembe wa kikatio juu ya picha za mteja, kra, akazipanga nne nne.

"Karibu," alisema. "Unataka picha za pasipoti au za familia?"

Pembeni mtu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Kimya. Tangu kaka yake afariki, mama huyu alikuja studio kila asubuhi kusaidia, na msaada wenyewe ulikuwa kukalia kiti cha wateja, kufuma vitambaa vya meza, na kuwapima watu kwa macho kuanzia viatuni.

"Shikamoo, Shangazi," Kiguu akasema.

"Marahaba nimewawekea wenye adabu. Wewe nitakusalimu juu juu. Hujambo? Vizuri. Mlango ni ule ule ulioingilia."

Kiguu akacheka, kile kicheko cha mgeni anayefurahia vituko vya wenyeji, akatua begi lake katikati ya chumba ambapo kila mtu angelazimika kulizunguka. Akatazama pazia jeupe, stuli, taa mbili zenye miavuli, na ukuta uliojaa nyuso: mabibi harusi, wahitimu, watoto wenye meno mawili.

"Bado vile vile," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama makaburini. "Bado vipicha vya pasipoti. Mungu wangu, Kimya! Jicho kama lako!"

"Na hao wanaokwenda kwenye visiwa vyako wanavukaje mipaka bila vipicha hivi?" Kimya aliuliza bila kuacha kukata. "Hata cha kwako nilikikata mimi."

Ni kweli alikikata yeye. Alikata cha Kiguu, akakata na cha kwake, wakaondoka pamoja na mabegi mawili. Walikuwa wachumba, lakini uchumba wa kukataliwa pande zote. Mama yake Kiguu alisema mbele ya wajumbe wa posa, bila kupepesa macho, "Mwanangu hakuzaliwa aje kuishia kwa binti wa mkata picha." Baba yake Kimya naye, aliyekuwa mpole kuliko mvuke wa chai, alimwita bintiye pembeni akamwambia, "Mwanaume asiyejua kesho atalala wapi, wewe atakujua wapi?" Kimya alimbusu mkono, akaenda.

Walizunguka miezi saba. Walilala kwenye nyumba za wageni zenye vitanda vya ngazi, wakanywa supu vichochoroni mwa miji wasiyoweza kutamka majina yake, wakavuka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwenye meli zilizonuka dizeli na matunda yaliyoiva. Kimya alifurahi miezi ile. Hilo hakuweza kulikana hata kwa hasira. Kisha simu ikaja: baba amepata kiharusi. Kiguu alimkumbatia uwanja wa ndege, akamnong'oneza, "Tangulia, wiki ijayo niko nyuma yako."

Baba alifariki siku ya kumi na moja. Kiguu hakutokea. Aliandika ujumbe: *Pole sana mpenzi, Mungu akutie nguvu, huku mtandao ni mbovu sana.* Na siku hiyo hiyo, kwa mtandao huo huo mbovu, akapandisha picha tisa za machweo.

"Nimekuletea kitu," Kiguu alisema sasa. Akafungua zipu, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili kama anayeweka kichanga. "Nakala ya kwanza kabisa. Hata Mama sijampa."

Jalada lilibeba picha moja. Ndani ya meli, alfajiri, abiria wamelala hovyo kwenye viti. Katikati yao bibi kizee amesimama mbele ya mumewe, anamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa sababu mikono ya mzee inatetemeka. Mzee amemwinamia. Nuru ya dirishani imegusa kifungo cha pili na kidole cha bibi, basi.

Kimya aliitazama muda mrefu. Kila mtu mjini alikuwa ameshaiona picha ile, kwenye simu, kwenye magazeti, hata kwenye kalenda ya duka la dawa. Jina la mpigaji liliandikwa chini yake kila mahali, na lilikuwa la Kiguu, si lake.

Ilhali picha aliipiga yeye. Kwa kamera yake mwenyewe, alfajiri ile, akiwa peke yake macho.

Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa na msiba, halafu alikuwa na studio ya kuendesha, halafu alikuwa na aibu. Utawaambiaje watu kwamba umeachwa na umeibiwa na mtu mmoja, tena yule yule uliyemkaidi baba kwa ajili yake?

Akafungua ukurasa wa ndani, akasoma maelezo kwa sauti. "*Wanandoa maskini wa kisiwani. Hawana kitu duniani ila wao wawili.*" Akainua macho. "Haya uliyaandika wewe?"

"Kwa machozi," Kiguu alisema.

"Bahati mbaya ya machozi," Shangazi akasema, akiendelea kufuma, "hata kitunguu huyatoa."

Kiguu aliizunguka meza, akasogea karibu na Kimya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alimfahamu. Aliuona mkato mdogo wa wembe kwenye kidole gumba cha Kimya, akaugusa kwa ncha ya kidole. "Bado unajikata ukiwa na mawazo," alisema taratibu. "Na bado unalala mguu mmoja nje ya shuka?"

Kimya alipaswa kuuondoa mkono. Hakuuondoa.

Kiguu akageuka ukutani, ilipotundikwa picha ya baba yake Kimya akiwa ameshika kamera ya zamani kifuani. Akavua skafu. Safari hii hakuwa na maneno ya kitabuni. "Nilikuwa na tiketi," alisema. "Nilifika hadi uwanja wa ndege. Nikaogopa, Kimya. Niliogopa kuingia kwenye nyumba yenye msiba, watu wanitazame kama mwizi aliyemchukua mtoto wao. Nikarudi nikalala siku mbili. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Sina cha kujitetea."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kimya alimjua vya kutosha kutofautisha.

"Nimekuja kukuchukua," akaendelea. "Safari hii kwa ndoa. Tukitoka hapa tunaanzia miji ya kaskazini, halafu visiwa vile vya mawe meusi ulivyokuwa ukivitaka. Mama amekubali. Anasema hata kesho wajumbe wanaweza kuja."

"Amekubali?" Shangazi aliweka sindano zake mapajani. "Yule mama? Amepata dini, au daktari amemwambia siku zake zimekwisha?"

"Shangazi," Kimya alisema kwa sauti ndogo, na Shangazi akazichukua tena sindano zake, maana alisikia kilichokuwa ndani ya sauti ile.

Kimya alikuwa amesimama, mkono wake mmoja umeshaanza kulegeza fundo la aproni bila yeye kujua. Alijidharau kwa kila kitu: kwa miezi saba iliyomrudia yote kwa mkupuo, kwa jinsi alivyokuwa ameanza kuhesabu nani angemwachia funguo. Alimwona mwanaume mbele yake alivyo, na vikamba vyake, na machozi yake ya maelezo ya picha, na bado alimtaka. Kumbe mtu anaweza kumdharau mwenzake kuanzia unywele hadi ukucha, na moyo usipewe taarifa.

"Lini?" akauliza.

Uso wa Kiguu ukachanua. Akamshika mikono yote miwili, akaibusu. "Wiki hii! Wiki hii hii, mpenzi. Nilijua. Nilimwambia Mama, Kimya si mtu wa kinyongo." Akacheka kwa raha. "Ah, na kabla sijasahau. Kitu kidogo tu. Ile kadi ya kamera yako, ya safari ya visiwani. Bado unayo?"

Sindano za Shangazi, zilizokuwa zimeanza tena, zilisimama.

"Kadi ya nini?" Kimya aliuliza.

"Ni utaratibu tu. Kitabu kimeingia kwenye tuzo kubwa, na ile ya jalada imefika fainali. Sasa waamuzi wa siku hizi hawaamini mtu. Wanataka faili halisi, lililotoka kwenye kamera, pamoja na picha kumi zilizotangulia na kumi zilizofuata. Mimi ninayo ile moja tu uliyonitumia kwenye simu. Ni Ijumaa mwisho."

Mikono ya Kimya ilibaki ndani ya mikono ya Kiguu kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaitoa, akafunga aproni yake vizuri, akaenda kwenye kabati la chuma. Alikuwa mtu wa kutunza vitu. Kadi ilikuwa ndani ya bahasha ndogo ya picha za pasipoti, juu yake ameandika tarehe. Akaichomeka kwenye kompyuta.

"Tuzione pamoja," alisema.

Picha za alfajiri ile zikafunguka; Kimya akapita tano za giza tupu, ndipo vitu vikaanza kuonekana. Ya kwanza: dirisha la meli na bahari ya kijivu. Ya pili: viti, watu wamelala, na mbele kabisa, amejaa nusu ya picha, Kiguu na Njia mwenyewe, amekumbatia begi lake, kinywa wazi. Ya tatu: Kiguu, karibu zaidi, maana Kimya siku ile alimpenda sana akaona hata usingizi wake unafaa kupigwa picha. Ya nne na ya tano hivyo hivyo. Ya sita: bibi na vifungo. Ya saba: bibi anampangusa mzee bega, na pembeni kiatu cha Kiguu na mguu wake wa suruali. Ya nane: Kiguu tena, amegeukia upande wa pili.

Shangazi alikuwa ameinuka. Akavaa miwani, akainama mbele ya kompyuta, akaitazama ile ya tatu kwa makini.

"Huyu mwenye udenda," akauliza, "ndiye mshindi?"

Kiguu alipapasa skafu yake kama anayetaka kuondoka. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kupenya mipakani kwa maneno, hivyo haikumchukua muda. "Inaelezeka," akasema. "Kimya, nisikilize. Utaandika barua fupi. Kwamba mimi ndiye niliyeipanga ile picha. Nilikuonyesha pembe, nikakurekebishia mwanga, halafu nikajipumzisha. Wewe ulibonyeza tu."

"Nilibonyeza tu."

"Kwa lugha nzuri zaidi. Mimi nitakusaidia kuiandika."

"Na hii barua," Kimya alisema polepole, "ingekuwa na nguvu zaidi kama aliyeisaini ni mkeo."

Kiguu alijikuna chini ya vikamba vyake. "Ingesaidia," akakiri. "Sikatai. Lakini hiyo siyo sababu ya..."

"Ndiyo sababu mama yako amekubali."

"Usimwingize Mama."

"Mimi sijamwingiza. Nyinyi ndio mmenitoa nje miaka minne, leo mmenikumbuka kwa sababu ya kadi." Hakupandisha sauti. Kama angeipandisha ingekuwa nafuu kwa Kiguu. "Hebu nikuulize. Yule mzee wa kwenye picha, unamjua ni nani?"

"Ni mwanakijiji wa pale. Maskini wa Mungu."

"Ana duka la saa na nyumba tatu. Nilikaa nao hadi tukashuka, wewe ukikoroma. Bibi alinionyesha picha za wajukuu kwenye simu iliyokuwa mpya kuliko ya kwako. Walikuwa wakienda harusini. Lile koti lilitoka kwa fundi wiki ile ile, na mzee alikuwa akilalamika kwamba vifungo ni vingi. Wewe ukaona mtu ameinama, ukaamua ni fukara." Akamtazama, na dharau iliyokuwa imetawanyika asubuhi nzima, nusu kwake mwenyewe na nusu kwa Kiguu, ilikusanyika yote ikaelekea upande mmoja. "Umezunguka dunia nzima, bwana mkubwa. Visiwa vyote umevifunga mkononi. Na hujaona mtu hata mmoja."

"Na wewe umeona nini?" Uso wa Kiguu ulibadilika, ule upole ukadondoka kama plasta iliyolowa. "Umekaa hapa miaka minne, geuka kushoto, inua kidevu, usicheke! Unadhani bila mimi kuna mtu angeiona picha yako? Ingeozea kwenye hiyo bahasha. Mimi ndiye niliyeipa maisha. Wewe hata jina huna, nani anakujua?"

"Leo hakuna," Kimya alisema.

Alinakili picha zote kwenye kadi nyingine, akaitia ndani ya bahasha, akamsukumia mezani.

Kiguu aliitazama bila kuelewa. "Unanipa?"

"Chukua. Zipo zilizotangulia na zilizofuata, kama walivyotaka. Ukitaka kuzipeleka, zipeleke. Mimi nazipeleka za kwangu leo, kwa jina langu."

"Utanimaliza, Kimya." Sasa alikuwa anaomba kweli. "Kitabu hakitafika madukani. Nitaonekana mwizi. Kama uliwahi kunipenda..."

"Nakupenda," Kimya alisema. "Hata sasa. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Beba begi lako, limeziba njia."

Kiguu alilibeba. Bahasha hakuigusa. Alisimama kidogo, akitafuta neno la kuondokea, maana alikuwa mtu wa kupenda kuondoka vizuri, lakini Shangazi alishamshikia mlango. Begi likakwama kwenye fremu. Akavuta, likagoma, kikombe cha bati kikagonga kioo, na ikambidi atoke ubavu ubavu kama kaa, vikamba vikinasa kwenye komeo. Barabarani hakugeuka.

Kimya aliketi mbele ya kompyuta. Alitafuta anwani ya waamuzi, ikapatikana kwa urahisi. Akaandika mistari minne: picha aliipiga nani, lini, wapi, na wale wazee walikuwa wakienda wapi. Akaambatisha picha zote ishirini na moja. Chini akaandika jina lake kamili, lile la shuleni ambalo hata Shangazi huwa analisahau. Akatuma.

Akachomoa kadi yake, akairudisha kabatini.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Kama asingeitaja ile kadi, ningekwenda naye. Kwa yote aliyonifanyia. Nilikuwa nimeshamkubalia."

Shangazi alirudi kwenye kiti chake. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa alichokuwa akifuma. "Najua. Na nisingekuzuia. Baba yako aliniapisha pale kitandani, kwa ule ulimi wake mzito. Alisema, yule kijana akirudi, mtoto aamue mwenyewe, wewe usiseme neno. Ndiyo maana leo nimeuma ulimi asubuhi nzima."

Kimya akageuka kumtazama. "Huko ndiko kuuma ulimi?"

"Mpaka nimeonja damu, mwanangu."

Kimya alicheka. Kilimtoka kicheko cha ghafla, cha tumboni, akainamia meza, mabega yakimtikisika, na Shangazi naye akacheka mpaka sindano zikamwanguka. Walicheka hivyo kitambo, na ni Shangazi aliyetambua kwanza kwamba mwenzake hacheki tena. Hakumwambia nyamaza. Aliinuka taratibu, akageuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa *Tumefunga*, akavuta pazia la dirisha, akaja kusimama nyuma ya mtoto wa kaka yake na mkono mgongoni mwake, akamwacha alie kwa sauti.